Je, Wokovu Unapotea? Simulizi za Walioanguka na Kurudi

Katika mikutano mingi ya injili Afrika Mashariki, mhubiri akimaliza mahubiri huita makundi mawili. Kwanza huwaita wanaotaka kuokoka kwa mara ya kwanza, kisha huwaita waliorudi nyuma. Kwaya inaimba taratibu, wahudumu wanasogea karibu na jukwaa, na watu wanajitoa kwenye umati mmoja mmoja. Kundi la pili huleta swali ambalo mara nyingi halijibiwi pale uwanjani. Hawa walikuwa wameokoka, wakaupoteza wokovu, na leo wanaokoka upya? Au hawakuwahi kuokoka? Au walikuwa wameokoka muda wote, hata usiku ule walipokuwa baa?

Wapo wanaosema ukiokoka umeokoka, basi. Wapo wanaosema dhambi moja isiyotubiwa inatosha kumfuta mtu kwenye kitabu cha uzima. Mwandishi wa makala haya amekutana na pande zote mbili, shuleni, katika baraza la wazee wa kanisa na nyumbani kwa bibi yake mkoani Kagera. Alichojifunza ni kwamba fundisho lile lile hutoa matunda tofauti kulingana na mtu anayelisikia.

Shuleni swali lilikuja na hofu. Ilikuwa shule ya bweni, na ibada za wanafunzi ziliendeshwa na wanafunzi wenyewe. Vijana wa kidato cha sita walihubiri kwa sauti za kukauka kana kwamba wana miaka thelathini ya huduma. Walifundisha kwamba ukimdanganya mwalimu wa zamu na basi likapinduka unapokwenda likizo kabla hujatubu, umekwisha. Palikuwa na kijana mmoja wa kidato cha tatu, mpole, mwenye bidii ya kusoma Biblia kuliko wengi wao, ambaye kila sala ya toba ilipoitishwa alikwenda mbele. Wenzake walimtania kwamba angeandikiwa kadi ya kliniki ili mahudhurio yake yasipotee.

Miaka mingi baadaye mwandishi alikutana naye Mwanza. Alikuwa ameacha kanisa mara tu baada ya kumaliza shule, akanywa sana, akafukuzwa kazi, na wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kwenda tena kwenye jumuiya ya mtaani kwake.

"Ndugu yangu," alisema, "watu wanadhani niliacha wokovu kwa sababu ya pombe. Pombe ilikuja baadaye. Nilichoka kuupoteza."

Kwenye baraza la wazee swali lilikuwa na sura nyingine kabisa. Mzee mmoja alikuwa ameshika fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, nazo hazikuonekana. Wajane wawili walikuwa wamedai akiba zao hadi wakakata tamaa. Alipoitwa, hakukana wala hakuomba radhi. Alifungua Yohana sura ya 10, akasoma kwa utulivu mahali Yesu anaposema kondoo wake hawatapotea na hakuna atakayewapokonya mkononi mwake, akaeleza kwamba yeye aliokoka zamani, kwenye mkutano mkubwa, na tarehe anaikumbuka. Wazee wenzake walitazamana. Hakuna aliyekuwa na la kusema juu ya Yohana 10. Walichotaka kujua ni fedha za wajane zilikokwenda.

Mmoja alilemewa na fundisho la kuupoteza wokovu, mwingine alijificha nyuma ya fundisho la kutoupoteza. Na wote wawili walikuwa na aya za kutosha.

Biblia yenyewe haimrahisishii msomaji kazi. Upande mmoja ipo hiyo Yohana 10, ipo Warumi 8, ambamo Paulo anaorodhesha kifo, uhai, malaika na mamlaka, kisha anasema hakuna hata kimoja kitakachomtenga mwamini na upendo wa Mungu, na ipo Wafilipi 1, kwamba aliyeianza kazi njema ataimaliza. Upande wa pili Waebrania 6 inawazungumzia watu waliokwisha kuonja kipawa cha mbinguni wakaanguka, na kusema haiwezekani kuwafanya upya. Wagalatia 5 inawaambia waliotegemea sheria kwamba wameanguka kutoka katika neema. Paulo mwenyewe, katika Wakorintho wa Kwanza 9, anautesa mwili wake asije akakataliwa baada ya kuwahubiri wengine. Na katika barua yake ya pili kwa Timotheo yumo Dema, mtenda kazi mwenzake wa zamani, aliyemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu. Biblia haisemi kama Dema alirudi.

Miongoni mwa makanisa ya kwanza kulikabili jambo hili kwa ukubwa wake wote lilikuwa la Afrika. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru raia watoe sadaka kwa miungu ya Roma na kupewa cheti cha kuthibitisha. Vyeti zaidi ya 40 vya namna hiyo, vilivyoandikwa kwenye mafunjo, vimepatikana Misri. Mjini Karthago, katika Tunisia ya leo, Wakristo wengi walikwenda kutoa sadaka. Wengine hawakutoa, ila walihonga maofisa wakanunua cheti. Mateso yalipopungua, watu hao walirudi kugonga mlango wa kanisa, na pale mlangoni walikutana na waumini waliofungwa na kuteswa kwa kukataa.

Askofu Sipriani wa Karthago, ambaye mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa msako, aliitisha mkutano wa maaskofu mwaka 251. Waliamua kupima kila kosa kwa uzito wake: walionunua cheti bila kutoa sadaka wangeweza kupokelewa baada ya kutubu, na waliotoa sadaka wangebaki katika toba na kupokelewa wanapokaribia kufa. Muda mfupi baadaye, dalili za mateso mapya zilipoonekana, maaskofu walilegeza zaidi na kuwapokea wote waliokuwa wakiendelea kutubu. Mjini Roma padri Novatian alikataa. Kwake aliyemkana Kristo amejitoa, na kanisa halina mamlaka ya kumrudisha. Wafuasi wake walijitenga wakaanzisha kanisa lao, na likadumu kwa vizazi. Sipriani alikatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258, kwa hiyo hakuna wa kumwita mlegevu.

Maaskofu wa Karthago hawakumwambia aliyetoa sadaka kwamba hakuna kilichotokea. Walimweka katika toba, mbele za watu, kwa muda mrefu. Lakini hawakumwambia kwamba mambo yamekwisha.

Wanamageuzi wa karne ya 16 walipoandika upya mafundisho ya kanisa, kumbukumbu ya Novatian ilikuwa bado hai. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri wa Tanzania wamelirithi, linagusa jambo hili katika kifungu cha 12. Linawakataa wanaodai kwamba aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Katika kifungu hicho hicho linawakataa pia wafuasi wa Novatian, waliogoma kuwaondolea dhambi walioanguka baada ya ubatizo wakarudi kutubu. Ni kifungu kifupi, kinachoweza kusomwa kwa dakika moja, na kimefunga milango miwili kwa pamoja: kiburi cha yule mzee wa akiba, na hofu ya yule kijana wa bweni.

Warithi wa mwanamageuzi Calvin walikwenda njia nyingine. Sinodi ya Dordrecht nchini Uholanzi, iliyokaa kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619, iliwajibu wafuasi wa marehemu Jacobus Arminius na kuamua kwamba Mungu huwalinda wateule wake hadi mwisho. Mtu anayelisikia fundisho hilo viwanjani tu hudhani linasema mwamini anaweza kuishi apendavyo. Maandiko ya Dordrecht hayasemi hivyo. Yanakiri kwamba watakatifu huanguka vibaya, yanawataja Daudi na Petro, yanaeleza kwamba dhambi hizo humhuzunisha Roho na kujeruhi dhamiri, na yanafundisha kwamba Mungu huwalinda watu wake kwa njia ya maonyo yale yale ya Biblia. Maana yake, hata Mkalvini akisoma Waebrania 6 anatakiwa kutetemeka.

John Wesley, kiongozi wa Wamethodisti, alipinga fundisho hilo waziwazi katika kijitabu cha mwaka 1751, akisema mwamini wa kweli anaweza kuanguka na kupotea. Mwaka 1778 aliandika tena, safari hii mahubiri kwa ajili ya waliorudi nyuma na kukata tamaa, akiwasihi waamini kwamba bado wanaweza kupokelewa. Rafiki yake George Whitefield alikuwa upande wa Calvin, na walibishana hadi huduma zao zikatengana. Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri London kumkumbuka.

Mabishano hayo yalikuja Afrika Mashariki pamoja na wamisionari. Mji kama Mbeya una Wamoravian, Walutheri, Wabaptisti na Wapentekoste, na mtoto anaweza kufundishwa Jumapili kwamba wokovu haupotei, kisha Jumatano kwenye maombi ya jirani akaambiwa unapotea. Lakini eneo hili lilipata pia jibu lake lenyewe, ambalo halikutungwa na sinodi.

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Church alikuwa amechoshwa na kazi ya hospitali ya Gahini, Rwanda, baada ya njaa kubwa. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, na wote wawili waliona maisha yao ya imani yamepoa. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata moto uliwaka Gahini, ukasambaa Uganda, Kenya, Burundi, Kongo na Tanganyika. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, mwalimu wa Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa amekwenda Kampala kuliita kanisa liamke usingizini. Waliofuata njia hiyo waliitwa Balokole, na upande wa Tanganyika Walokole, watu waliookoka. Mkoani Kagera uamsho huo ulikita mizizi miongoni mwa Walutheri. Josiah Kibira, Askofu wa Bukoba na tangu mwaka 1977 Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mmoja wao.

Bibi yake mwandishi alikuwa mlokole wa aina hiyo. Ushirika ulikutana sebuleni kwake, watu wakakaa kwenye mikeka na mabenchi, na kila mmoja kwa zamu alisimama, akasalimu kwa Bwana asifiwe, akashuhudia kwamba ameokoka, kisha akaeleza alipoteleza wiki ile. Waliita kuweka mambo nuruni. Aliyeiba alirudisha. Aliyemsema mwenzake alimwomba radhi pale pale. Watoto waliosikiliza nyuma ya pazia walijifunza siri nyingi za kijiji.

Mjukuu aliporudi likizo na hofu zake za shuleni, alimuuliza bibi kama aliwahi kupoteza wokovu.

"Leo?" bibi alijibu. "Asubuhi nimemkasirikia mama yako kwa ajili ya maharage. Nimemwomba radhi, nimetubu, tumekunywa chai. Sasa kachote maji."

Halikuwa jibu la kitaalamu, lakini ndani yake mlikuwa na uzoefu wa kizazi kizima cha Walokole. Wao hawakuulizana sana iwapo mtu ataupoteza wokovu kesho. Walitaka kujua leo anatembeaje na Yesu, na toba kwao ilikuwa kazi ya kila siku, si tukio la dharura kwenye uwanja wa mikutano. Kijana wa bweni alitubu mara nyingi kama bibi, pengine zaidi. Tofauti ni kwamba yeye kila alipotubu aliambiwa anaanza upya kutoka nje, wakati bibi alitubu akiwa ndani ya nyumba ya baba yake.

Festo Kivengere, mlokole wa Kigezi aliyefundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu nchini Uganda, aliwahi kusimulia jinsi alivyogombana na mkewe Mera kisha akajiandaa kwenda kwenye ibada. Moyoni alisikia kwamba Bwana angebaki jikoni na Mera, naye aende peke yake. Ilibidi arudi jikoni kuomba radhi. Jaribu kubwa zaidi lilimpata mwaka 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari, na Kivengere na mkewe wakakimbia Uganda kwa miguu usiku. Wakati wa Pasaka alikuwa London, akiwa amejaa chuki dhidi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, na katika ibada ya Ijumaa Kuu aliona kwamba chuki ile ilikuwa inaua imani yake. Alisamehe, na mwaka huo huo akatoa kitabu kidogo ambacho jina lake liliwashtua wengi, kwa kuwa lilitangaza kwamba anampenda Amin. Askofu aliyehubiri miaka mingi aliona wazi kwamba anaweza kupoa hadi kufa, akatubu kama muumini mchanga.

Uamsho nao ulikuwa na ukali wake. Miaka ya 1970 nchini Uganda lilitokea kundi la Bazukufu, lililoona Walokole wenzao wamelala na wanahitaji kuamshwa upya, na ushirika ukagawanyika. Watu walioitana ndugu kwa miaka mingi walianza kupimana. Toba ya kila siku ikigeuzwa mtihani unaosahihishwa na wenzako, hofu ya bwenini hurudi kwa mlango mwingine.

Na kuna hofu ambayo hakuna fundisho linaloweza kuitibu. Mshairi Mwingereza William Cowper, aliyezaliwa mwaka 1731, alikuwa na bahati ya kumpata mchungaji mwenye moyo mkuu, John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa. Pamoja walitoa kitabu cha nyimbo mwaka 1779. Wote wawili walishikilia kwamba wateule hawapotei. Hata hivyo mwaka 1773, katika moja ya vipindi vyake vya ugonjwa mkali wa akili, Cowper aliota ndoto iliyomwaminisha kwamba Mungu amemkataa. Aliacha kwenda ibadani, na hadi alipofariki mwaka 1800 aliamini kwamba wengine wote wanaweza kuokolewa isipokuwa yeye. Newton hakumfukuza wala hakumkemea kwa kukosa imani. Mtu anayeshikwa na wazo la kupotea na haliachi hata baada ya kutubu na kuombewa anaweza kuwa mgonjwa, na kumwongezea mahubiri ya moto ni kumwongezea ugonjwa.

Palipo na kiburi hali ni tofauti, na hapo Rwanda inasimama kama shahidi. Mwaka 1994, katika nchi hiyo hiyo ya Gahini, Watutsi waliokimbilia makanisani Ntarama, Nyamata na Nyarubuye waliuawa humo humo, na wauaji wengi walikuwa watu waliobatizwa. Huko Mugonero wachungaji Waadventista waliojificha na familia zao walimwandikia barua kiongozi wao, Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, wakimsihi aingilie kati. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani kwa kusaidia mauaji ya kimbari na kumfunga miaka 10. Mkalvini akisimama mbele ya mambo hayo atasema waliofanya hivyo hawakuwahi kumjua Kristo. Mlutheri na Mmethodisti watasema walimwacha. Wote wanakubaliana kwamba tarehe ya kubatizwa au ya kuokoka haimkingi mtu mwenye panga mkononi. Jibu linalobaki, kwamba mtu huyo yu salama kwa sababu aliwahi kusali sala ya toba, halikutolewa Dordrecht, wala Augsburg, wala Karthago.

Kwa hiyo mwandishi, baada ya kusikiliza pande zote, ana msimamo huu. Mwamini hapotezi wokovu kwa kuteleza, wala jina lake halifutwi na kuandikwa kila wiki. Maonyo ya Waebrania yaliandikiwa watu waliokuwa wanashawishika kumwacha Kristo kabisa, hayakuandikwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyemdanganya mwalimu wa zamu. Lakini maonyo hayo ni ya kweli, na mtu anayeyasoma kama hayamhusu ndiye anayehitaji kuyasoma tena. Anayelia kwa hofu kwamba amepotea hajamgeuzia Mungu mgongo. Anayedhulumu na kusoma Yohana 10 bila kurudisha alichochukua hana dalili yoyote ya kuwa kondoo anayezungumziwa pale.

Katika sharika za Kilutheri bado upo utaratibu wa kumrudisha kundini aliyetengwa. Hukutana kwanza na mchungaji na wazee, hueleza alipokosea, kisha husimama mbele ya usharika na kupokelewa, naye hurudi kwenye meza ya Bwana pamoja na wengine. Wapo wanaouona kama aibu, na mahali pengine umetumika vibaya, kwa wasichana waliopata mimba kuliko kwa wanaume waliowapa. Hilo lirekebishwe. Utaratibu wenyewe usiachwe, kwa sababu unamwambia mtu mambo mawili kwa pamoja: ulichofanya kilikuwa kibaya, na wewe ni wetu.

Vijana wanaoongoza ibada shuleni waache kuwatisha wenzao kwa ajali za mabasi. Wawafundishe kutubu na kuendelea na safari. Wazee wa kanisa wakisikia mtu anadai usalama wake wa milele huku anadaiwa na wajane, wamwombe kwanza daftari la fedha. Na msomaji aliyerudi nyuma asisubiri mkutano mkubwa wa injili uje mjini kwake. Amwone mchungaji au mzee wa mtaa wake wiki hii, amweleze ukweli wote, arudishe kinachoweza kurudishwa. Kama ameshafanya hayo na bado halali usiku kwa kuamini kwamba Mungu amemtupa, aende pia hospitali akamwone daktari wa afya ya akili. Kwenda huko si kukosa imani.